Papa wa Kilindi Aliyenipeleka Namawala

Nilikwenda Ifakara kwa sababu ya lebo niliyoiandika mwenyewe nikiwa mwanafunzi. Imefungwa kwenye mtungi wa kioo katika maabara yetu Dar es Salaam, na ndani yake yumo papa mdogo mweusi wa kilindi, mwenye mwiba mbele ya kila pezi la mgongoni. Lebo inasema alivuliwa mbele ya pwani yetu. Meno na miiba yake ni kama ya papa wa bahari za kusini, ila pezi lake la pili lina pengo ukingoni. Kwa pengo hilo nilimtangaza kuwa spishi mpya, nikamtilia nukta kwenye ramani, nikapata shahada.

Mwaka huu mtaalamu mmoja wa nje aliomba uthibitisho wa mahali alikovuliwa. Daftari la mapokezi limepotea. Aliyempokea papa yule alikuwa Mama Felista, fundi wa maabara, ambaye baadaye alinyimwa mkataba akarudi kwao, upande wa Ifakara, kulima mpunga. Nilikwenda nikitumaini atanithibitishia.

Alfajiri niliondoka kwa basi. Tulipita Mikumi, tukaacha miwa ya Kidatu, na milima ya Udzungwa ikatusindikiza upande wa kulia hadi Mang'ula na kuendelea. Ifakara tulifika alasiri. Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mwenye duka la vitenge, aliniuliza nimefuata nini. Nikamjibu ni utafiti. Akasema kila anayekuja na daftari huku anatafuta mbu wa malaria. Nilipomtajia papa alicheka, kisha akaona sicheki. Nikamtajia Mama Felista, akanielekeza kijiji cha Namawala.

Kesho yake asubuhi bodaboda ilinishusha ukingoni mwa mashamba. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na Mama Felista alikuwa akiamia ndege, kombeo mkononi. Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba, akaulizia wazazi wangu, akaulizia safari, mpaka nikaona haya kutoa shida yangu.

Nilipoitoa, alikumbuka mara moja. Wiki ile walikuja papa wawili: mmoja wa wavuvi wetu, mwingine zawadi ya watafiti wa bahari za kusini. Dawa ya kuhifadhia ilivuja, lebo zikaharibika, na yule wa kwetu akaoza akatupwa. Mkuu wa idara akataka aliyebaki aandikwe wa kwetu.

“Mimi nilikataa,” alisema. “Wewe hukukataa.”

Ni kweli. Niliambiwa andika, nikaandika. Hata hivyo nilishikilia pengo langu. Nilimwonyesha picha kwenye simu, nikamweleza kwamba papa wa kusini hawana alama ile, kwa hiyo huyu lazima awe wa kwetu. Aliitazama, akanirudishia simu.

“Hilo pengo nililikata mimi kwa mkasi. Kila samaki wa zawadi nilimkata hapo, wasichanganyike na wetu.”

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

“Nilimwambia mkuu. Wewe hukuniuliza.”

Akageuka kuwafukuza kweleakwelea waliokuwa wametua tukizungumza. Nilibaki nimesimama kwenye tope, sina spishi wala nukta.

Mchana alinikaribisha wali na kambale. Sikuwa na hamu, lakini nilikula, maana kukataa kungekuwa tusi la pili. Nikamwahidi kwamba nitachapisha masahihisho na kulitaja jina lake.

“Usilitaje,” alisema. “Mlipokuwa mnasifiwa hamkulihitaji. Msinitafute kwa ajili ya kosa.”

Siku ya tatu nilipanda basi la kurudi. Nilipofika Dar nilimpigia simu mkuu wangu wa zamani, ambaye sasa amestaafu. Aliniambia papa aliyekufa hana haraka, niache mambo yalivyo. Nikaandika barua ya masahihisho kwa jarida lililomtangaza: papa huyu ni wa spishi inayojulikana tangu zamani, wa kusini, na hakuna ushahidi kwamba anaishi mbele ya pwani yetu. Jina la Mama Felista sikulitaja, kama alivyotaka, na kutolitaja kuliniuma kuliko kulifuta la papa.

Wenzangu huniuliza nilijifunza nini huko. Nilijifunza kwamba aliyejua ukweli wa papa wangu alikuwa akiosha mitungi kwenye meza iliyofuata yangu, kwa miaka miwili, na mimi nilimwamkia tu kila asubuhi nikapita.