Aliyeiogopa Pasi

Majina ya wote wa kisa hiki ninayo kichwani, mpaka jina la mbwa wa Mzungu mwenyewe, ila siyataji. Wajukuu wa mmoja wao wangali majirani zangu hapa Temeke, na aibu ya mtu si ya kuanikwa kama nguo.

Mume wangu na kaka yake walikuwa madobi. Wakati huo Mwingereza ndiye mwenye mji, na nguo za Uzunguni zikiletwa kwetu mafurushi kwa mafurushi. Mume wangu alifua uani kwa maji ya kisima, shemeji akapiga pasi barazani. Pasi yenyewe ya mkaa, nzito, ina jogoo wa chuma kwenye kifuniko.

Shemeji alikuwa mtu wa kifua mbele. Akishika pasi, anaimba. Alizoea kusema yeye na moto wamenyonya ziwa moja. Mume wangu yeye alikuwa mwoga wa kila kitu. Hata ameketi kula, atainua uso na kuuliza, "Hamsikii harufu?" Basi shemeji humcheka mbele ya wateja, akisema mdogo wake anaiogopa hata pasi iliyopoa. Nami niliamini vivyo hivyo, kwamba siku mambo yakichafuka, shemeji ndiye atakayesimama.

Siku hiyo ilikuja sare nyeupe ya bwana mkubwa mmoja, ambaye nyumba yake peke yake ndiyo iliyokuwa ikitulisha sote. Kesho yake ana gwaride. Shemeji anapiga pasi, anaimba, mie nakuna nazi karibu yake. Upepo ukavuma, cheche ikaruka. Nilisikia wimbo umekatika. Nilipotazama, kwenye bega la sare pana tundu jeusi, ukubwa wa kifungo.

Lile tundu lilinishtua, ndiyo. Lakini shemeji ndiye aliyenimaliza nguvu. Kifua kile! Alikaa sakafuni, meno yanagongana kama mwenye homa, akaushika upindo wa kanga yangu, mimi, mke wa mdogo wake.

"Shemeji, nifiche," akasema.

Mume wangu akatokea kisimani na ndoo yake. Nikajua huyu sasa anaanguka, nabaki na wagonjwa wawili. Akaitazama sare. Akaiweka pasi juu ya jiwe. Kisha akaikunja ile sare taratibu, bega lililoungua likakaa juu ili lionwe kwanza. Nikamuuliza kama haogopi.

"Hili mie nimeliogopa tangu nianze kazi, mke wangu. Kila siku lilikuwa linanijia kichwani. Leo limekuja lenyewe, si mgeni." Akamgeukia kaka yake. "Wewe, kaka, ndio kwanza mnakutana. Kaa upumue."

Akaenda Uzunguni kwa miguu. Alasiri akarudi mikono mitupu. Alisema Mzungu alifoka hata mbwa akaingia uvunguni, na kwamba nguo za nyumba ile hatutazishika tena. Akayasema hayo kama anayeeleza bei ya samaki. Akaomba ugali wake, akala akamaliza, akajilaza, akakoroma. Nilisimama mlangoni, mkono kinywani. Tangu anioe nilikuwa sijawahi kumsikia akikoroma.

Shemeji hakuigusa pasi tena. Kila akiuona mkaa unawaka, anarudi nyuma, ikabidi wabadilishane kazi. Asubuhi iliyofuata mume wangu ndiye aliyesimama mezani, na shati la mwalimu mmoja wa hapa hapa mtaani, uso umemkunjamana kwa hofu yake ile ile ya siku zote. Akapuliza majivu. Akaishusha pasi, akaiinua tena, akatugeukia.

"Hamsikii harufu?"

Hakuna aliyecheka. Shemeji aliiacha ndoo kisimani, akaja na mikono yake inachuruzika maji, akainama juu ya lile shati, akanusa.

"Hakuna kitu, mdogo wangu," akasema. "Piga."