Paskazia na Simu ya Mfiwa

Baa ya Paskazia haina jina. Kampuni za soda na bia zimeupaka ukuta wake rangi kwa zamu, kila moja ikaandika la kwake, na sisi wa mtaa wa Kanyenye bado tunasema "kwa Paskazia" tu. Mimi ni Mhoja, fundi cherehani. Mashine yangu iko kwenye baraza ya baa hiyo hiyo, kwa hiyo ninachosimulia nimekiona kwa macho yangu, na asiyetaka kuamini akanywe maziwa kwao.

Paskazia alikuja mjini kwa treni kutoka Kigwa, mjane, na masufuria yake na mdomo unaotosha ukoo mzima. Baa aliyoifungua ndiyo ofisi yetu. Ukitaka fundi bomba, unauliza kwa Paskazia. Ukigombana na mkeo ukakimbilia kushtaki, unakuta mkeo ameshafika na ameshasikilizwa. Funguo za nusu ya mtaa zinaning'inia nyuma ya kaunta. Mtu asipoonekana, Paskazia anatuma mlevi mmoja akagonge mlango wake. Siku hizi mji umebadilika, wageni wa reli mpya wamejaa, kila kona lodge, kila lodge ina baa yenye taa za bluu na muziki wa kung'oa meno. Huko ukifia kitini, watapangusa meza wamkaribishe mwingine.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mzee Abdulatifu, Mzaramo ambaye babu yake aliingia huku na misafara ya pwani. Pombe hakuigusa maisha yake yote, lakini kila jioni alikuwa pale na soda yake ya tangawizi, anatoa "astaghafirullahi" kila chupa ya jirani ikifunguliwa. Yeye na Paskazia walikuwa watani, maana Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za njia ile ya misafara.

"We mpagazi, lete soda!" mzee anafoka.

"Subiri, mtumwa wangu! Babu zangu walimbeba babu yako kutoka pwani, na uvivu wake ndio huu umekaa hapa!"

Mgeni akiwasikia angeita polisi. Wao walikuwa wanasalimiana.

Basi mzee akafariki. Mwanawe wa pekee, Selemani, akaja kutoka Dar, alikolelewa na mjomba wake tangu utotoni. Miwani myeusi, simu sikioni. Maiti haijaoshwa, mtaa mzima ulishajua kwamba amepata mnunuzi wa nyumba, na mnunuzi anataka kuvunja ajenge lodge. Maana yake Paskazia yuko barabarani, na sisi tuko naye. Iliniuma sana, nasema kweli.

Sasa kwetu, mtu akifa, mtani wake lazima aje msibani kumtania. Ataiga mwendo wake, atazuia jeneza, atanyakua kitu cha mfiwa, na hakirudi mpaka kikombolewe, hata kwa kikombe cha maji. Asiyetaniwa siku hiyo amezikwa kama mtu asiye na watu. Lakini Selemani angeyajulia wapi hayo?

Nikamwambia Paskazia, "Dada, safari hii nyamaza. Huyu kijana ndiye mwenye nyumba sasa. Ukimuudhi, umekwisha."

"Nimzike mtani wangu kimya kimya kama nazika mbwa? Mhoja, nenda kashone."

Nikashona. Nilimshonea kanzu, Mungu anisamehe.

Jeneza lilipotolewa nje, Paskazia akatokea kichochoroni na kanzu hiyo, kofia kichwani, bakora mkononi. Akajikohoza kama mzee, akajikongoja mpaka mbele ya jeneza, akalizuia. "Mnanipeleka wapi na soda yangu haijaisha?" Ilikuwa sauti ya Abdulatifu mwenyewe, inapitia puani! Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanatiririka. Shehe akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Selemani alikuwa pembeni, anaongea na simu. Paskazia akainyakua ile simu, akaitia kwenye mkunjo wa kanzu. Haukupita muda ikaita. Akaipokea, akaiweka sauti kubwa.

"Bosi, tulikatika," akasema mnunuzi. "Ile nyumba vipi?"

Paskazia akakohoa. "Nyumba ni yangu mimi, Abdulatifu. Niko kwenye jeneza hapa, acha kwanza wakanizike, tutaongea nikishatulia."

Simu ikakatwa. Watu hoi! Hata wabeba jeneza ilibidi walitue kwanza.

Selemani hakucheka. "Mlevi mkubwa wewe, unamdhihaki baba yangu mbele ya maiti? Nikitoka kuzika nisiikute hiyo baa!"

Shehe akamshika bega, akamweleza desturi, akampa kikombe cha maji akomboe. Kijana akampa Paskazia kikombe kwa hasira, nusu ya maji ikamwagika. Paskazia akanywa yaliyobaki, akarudisha simu, jeneza likaondoka.

Mnunuzi hakupatikana tena. Alituma ujumbe mmoja tu kwa Selemani: nyumba ambayo mwenyewe bado anaongea, hainunui. Sisi wanywaji tukashangilia, baa imepona! Paskazia akatufokea. "Nilikuwa namzika mtani, sikuwa naiba nyumba ya yatima." Akaitafuta namba ya mnunuzi, akampigia.

"Baba, aliyeongea ni mimi, mwanamke, mzima wa afya."

"Hata mizimu husema hivyo hivyo," mnunuzi akajibu, akakata.

Siku ya kuanua matanga, Paskazia alikuwa anafunga vyombo vyake Selemani alipoingia. Miwani hana, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimempigia mtu wako, mwanangu, hataki kunielewa. Nitampigia tena."

"Usimpigie. Nyumba siuzi. Rudisha vyombo." Akakaa. "Mama, mimi baba nilikuwa namsikia kwenye simu tu, na mara nyingi nilikuwa namwambia niko bize. Ile sauti yake… naomba uifanye tena. Mara moja tu."

Paskazia akatikisa kichwa. Nje ya msiba, kumwiga marehemu si utani tena. Kisha akamtazama yule kijana, akaiweka chini sufuria aliyokuwa ameishika, akakohoa.

"Selemani," sauti ya mzee ikasema, "umekula?"

Mimi huwa silii hadharani, kwa hiyo nilitoka nje nikajifanya natafuta sindano. Lakini jibu nililisikia.

"Bado, baba."