Daftari la Lindo la Kasimiri

Kasimiri alikuwa mtu wa kuudhi. Naanza hivyo kwa makusudi, maana siku hizi kila anayemtaja anamsifu tu. Alikuwa mlinzi, mzaliwa wa Kigwa, na daftari lake la lindo lilikuwa na safu tatu: saa, tukio, sababu. Mbuzi akipita getini, anaandika. Ukitoka kununua vitumbua atakuuliza sababu, kisha ataandika "vitumbua" kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na mapadri. Chini ya ukurasa anaweka "Hali shwari", na meneja akifika anatia saini.

Mimi Zuwena nilikuwa mfagizi kwenye jengo la kampuni alilolinda, karibu na stesheni ya Tabora. Miaka ile ilikuwa migumu, na bado naikumbuka kwa hamu. Tulisugua vyoo kwa dawa kali bila glavu mpaka kucha zikabadilika rangi. Walinzi walisimama zamu nzima bila kiti. Lakini saa kumi na mbili asubuhi, wao wakitoka na sisi tukiingia, tulikuwa na robo saa yetu pale getini. Kulikuwa na uji wa ulezi na utani usiokwisha. Kasimiri alitusalimia kwa Kinyamwezi "Mwangaluka!" kisha anaanza habari za babu wa babu yake, mpagazi wa misafara ya pembe. Wapagazi wakionewa njiani, alisema, walitua mizigo yote chini wakakaa. "Tajiri abebe mwenyewe!" Tulicheka mpaka basi.

Chama chetu kilizaliwa ndani ya robo saa hiyo, kwa kuwa mlinzi na mfagizi hawakuwa na wakati mwingine wa kuonana. Tulikubaliana mkutano wa kwanza uwe siri. Siri, na mwenye daftari ni Kasimiri!

Asubuhi ya mkutano, hapo ndani ya geti, mwenzetu Agnetha, mwenye mimba ya miezi minane, alikaa chini juu ya kanga yangu akatueleza kwamba anayetaka chama ainue mkono. Nikachomoka. Getini Kasimiri akaniuliza sababu, nikamwambia kweli: "Naogopa, kaka. Nina watoto watatu." Akanifungulia.

Nilifika kwenye kona ya barabara ndipo nikakumbuka kanga. Ilikuwa mpya, zawadi ya mama. Nikarudi. Agnetha alikuwa bado ameikalia, mkono wake uko juu, na mikono ya wenzake wote iko juu. Ningemwambiaje ainuke? Nikasimama pale kama mjinga, na mkono wangu ukapanda wenyewe.

Siku ileile meneja alisoma daftari. Mkutano umeandikwa, majina ishirini yamepangwa kwa mstari, hali shwari. Kwa mazoea alitia saini kabla ya kusoma, kisha akatusimamisha kazi wote, Kasimiri akiwemo. Tulimwita mnoko. Mimi nilimnunia kuliko wote, na hata shikamoo za watoto wangu nilizikataza zisimfikie.

Tulipopeleka shauri kwa msuluhishi wa migogoro ya kazi, kampuni ilikana kila kitu. Ikadai hapakuwa na mkutano wala wanachama, ni watu watoro tu. Msuluhishi akataka ushahidi, na sisi mikono mitupu. Kasimiri akasimama. "Upo kwenye daftari lao wenyewe. Saini ya meneja iko chini." Daftari likaletwa, ikasomwa orodha ya majina tu, tukarudishwa kazini. Walinzi walipata viti, sisi glavu. Nilimwomba Kasimiri radhi kwa kumnunia, naye akasema, "Mimi niliandika nilichokiona."

Nikazeeka na sifa isiyo yangu. Wenzangu waliamini kwamba nilitoka kwenda kuchungulia kama meneja anakuja. Sikuwasahihisha. Nilichaguliwa mwenyekiti mara tatu kwa ajili ya ushujaa ule, na ukumbi wa tawi una picha yangu ukutani.

Mwaka huu chama kimetimiza miaka ishirini. Katibu wetu kijana, Silasi, alikuja nyumbani kwangu Gongoni akiwa na furaha tele.

"Shikamoo, mama. Lile daftari nimelipata, lilibaki stoo kampuni ilipohama. Mzee Kasimiri atalisoma lote kwenye sherehe!"

"Marahaba," nilijibu, nikaweka kikombe cha chai chini. Kwa siku nne nilijiona nikivuliwa nguo mbele za watu. Nilifikiria kuugua.

Lakini nilikwenda. Kasimiri alikuja na treni, amekonda, amevaa koti lake la zamani la kazi. Akaweka miwani, akasoma polepole, bila kuruka hata mbuzi aliyepita. Wazee tulilia kwa kusikia uji wetu na majina ya marehemu wetu. Kisha:

"Saa 12:11. Zuwena ametoka. Sababu: anaogopa."

Silasi akaitazama picha yangu ukutani.

"Saa 12:16. Zuwena amerudi. Sababu..." Kasimiri akasita. "Hapa pako wazi. Nilikuwa nahesabu mikono, sikumuuliza." Kosa hilo lilimuuma, nilimwona. Akaniangalia juu ya miwani. "Dada Zuwena, ulirudi kwa sababu gani?"

Nafasi ilikuwa mbele yangu. Ningesema uchungu wa wenzangu, ningesema haki, na wangepiga makofi. Lakini yule mzee alikuwa ameshika kalamu, anasubiri kweli, kama alivyoisubiri getini.

"Kanga," nikasema. "Agnetha alikuwa ameikalia. Kuchungulia meneja sikwenda hata siku moja."

Kicheko kilianzia kwa Agnetha, kikazunguka ukumbi wote, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, nimetua mzigo wa miaka ishirini. Kasimiri hakucheka. Aliinama akaandika, kisha akasoma alichoandika:

"Sababu: kanga. Akabaki."