Doa kwenye Shavu la Bibi Harusi

Mpiga picha wetu haamini kitu kisicho na kitabu cha maelekezo. Kamera yake ilikuja na kitabu, hata feni ya studio ilikuja na kitabu. Hii programu ya kusafishia picha imekuja mikono mitupu, na cha moto nakiona mimi, shemeji yake ninayekaa mapokezi. "Shemeji, imeandikwa wapi?" ndiyo salamu yake siku hizi. Nikimwonyesha pa kubonyeza, analamba kidole kana kwamba kuna ukurasa wa kufunua, kisha anashika kipanya kwa ncha za vidole, kama bado anatoa picha za filamu kwenye beseni la dawa. Leo tangu asubuhi anafuta doa jeusi kwenye shavu la bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe anasubiri nje na mama mkwe wake. Anafuta, anasonya, anafuta tena. Nilipoingia, shavu lilikuwa limekwisha, hereni haipo, pua imebaki nusu, na doa liko palepale. Nikashika pindo la gauni langu, nikapangusa kioo cha kompyuta. Doa likatoka; kumbe ni uchafu wa nzi. Akanitazama, akautazama ule uso, akakunja mikono.

"Sasa na hilo, shemeji, limeandikwa wapi?"