Wote Waliozaliwa Januari Mosi

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, baridi ya Sumbawanga imekaza hata watu wanatoa mvuke mdomoni wakisalimiana, bibi mmoja asiyeona aliponiuliza mbele ya foleni nzima miaka yake nimeipeleka wapi. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu nimeiona fomu ya kliniki unayoitengeneza kwenye simu. Ni nzuri kuliko yangu. Ila penye tarehe ya kuzaliwa umeweka alama nyekundu: lazima ijazwe. Alama hiyo naifahamu.

Nilikuwa nimetoka kusoma kompyuta, na kompyuta zenyewe ndiyo kwanza zinaingia maofisini kwetu. Hospitali moja ilitarajia madaktari wa macho, wageni wa siku tano tu, nami nikapewa kazi ya kuandaa orodha ya wazee watakaopasuliwa mtoto wa jicho. Nikatengeneza fomu. Tarehe ya kuzaliwa niliipa visanduku vitatu, siku, mwezi na mwaka. Kimoja kikibaki wazi, kompyuta inagoma kuendelea.

Vijijini niliandika kwenye daftari kila nilichoambiwa, na wazee wengi hawakuwa na tarehe. Walikuwa na majira. Huyu alizaliwa mahindi yakipaliliwa, yule mwaka waliokuja nzige. Niliporudi ofisini, visanduku vyangu havikuyajua majira. Kwa hiyo mwaka nikaukisia, na siku na mwezi nikajaza Januari mosi. Kila asiyejua tarehe yake, Januari mosi. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, hata mwongo asiye na nia mbaya.

Juu ya hapo nikaongeza ujanja nilioringia sana: jina, kijiji na tarehe vikifanana, kompyuta ijue ni mtu mmoja kaandikishwa mara mbili, ifute mmoja.

Asubuhi hiyo, siku ya Alhamisi, bibi wawili walishushwa na lori la dagaa lililotoka Kirando na kuwachukua kijijini kwao njiani. Harufu ya dagaa iliwatangulia mlangoni. Wote waliitwa Anastazia Kapele, watoto wa ndugu wawili, waliobatizwa kwa jina la mtakatifu mmoja. Mkubwa hakuona kwa macho yote mawili. Mdogo aliona ukungu kwa jicho moja, na ndiye aliyemshika mwenzake mkono.

"Shikamooni, bibi zangu."

"Marahaba, mjukuu," akajibu mdogo. "Tusomee zamu zetu."

Orodhani alikuwepo Anastazia Kapele mmoja tu.

"Zamu ni moja," nikasema. "Kompyuta inaonyesha ni mtu mmoja. Jina moja, kijiji kimoja, na mmezaliwa siku moja."

Mkubwa akageuza uso kuifuata sauti yangu. "Siku moja? Na huyu?"

"Ndiyo, bibi. Januari mosi, mwaka ule ule."

Akacheka mpaka akakohoa. "Anastazia, umesikia? Kumbe sisi mapacha! Mjukuu wangu, huyu nilimbeba mgongoni nikienda kisimani, akanikojolea kila siku. Nilimbebaje, nami nimezaliwa siku hiyo hiyo?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye akauliza: "Miaka ile niliyomlea, umeipeleka wapi?"

Nikaipekua tena orodha. Madaktari wangeondoka Jumamosi na orodha ilikuwa imejaa. Mmoja wa bibi hao angepanda lori kurudi kama alivyokuja.

"Basi dada apasuliwe," akasema mdogo. "Mimi jicho moja linanitosha."

"Linakutosha kwa lipi? Jana umenigongesha mlangoni."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilikwenda kwa muuguzi mkuu, mama mmoja mpole wa sauti, nikamweleza yote. Hakunikaripia. Aliuliza swali moja: "Aliyefutwa ni huyu peke yake?"

"Sijui, Sista."

"Basi nenda ukajue. Daftari si unalo?"

Nililikalia daftari hilo mpaka mchana, nikalinganisha jina kwa jina, nikawapata wengine watatu. Watu wanne wazima, niliowafuta huku nikijisifu kwamba orodha imekuwa safi. Sista akazungumza na wageni, nao wakakubali kuanza Jumamosi alfajiri, kabla ya safari. Wale watatu tukawatumia ujumbe, wakafika. Anastazia mkubwa alipasuliwa Ijumaa, mdogo Jumamosi.

Jumapili Sista alifungua bandeji. Mkubwa akamtazama ndugu yake kwa muda mrefu.

"Umezeeka, mdogo wangu!"

"Wewe je, pacha?"

Kisha akanitazama mimi. "Na huyu ndiye mwenye kompyuta? Mbona mtoto! Haya, nisomee. Sasa umeniandika nani?"

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeibadilisha fomu. Nikamsomea: "Anastazia Kapele, mkubwa. Mwaka wa kukadiria. Siku na mwezi havijulikani. Alizaliwa ulezi ukivunwa, kabla ya nzige."

"Hapo sawa," akasema. "Huyo ni mimi."

Mwanangu, kisanduku kikilazimisha jibu, kitapewa jibu, hata la uongo. Asiyejua tarehe yake mwachie nafasi ya kusema hajui, na mwaka wa kukisia uonekane kwenye kioo cha simu kuwa ni wa kukisia. Mwezi uandike kwa jina, mtu asibaki kujiuliza kama 5/6 ni Mei au Juni. Zamu ya kliniki usiionyeshe 08:00 ukaishia hapo; mama wa kijijini Milepa atafika saa nane mchana, akute mlango umefungwa. Mwandikie saa mbili asubuhi, kama anavyosema mwenyewe. Tarakimu nyingi, kama za namba ya simu, zitenge kwa alama, jicho la mzee lipumzike njiani. Na kabla hujaifurahia kazi yako, kaa kando ya anayeijaza, usikilize anapocheka na anapokwama. Kuuliza si ujinga.

Wale bibi hawapo tena. Waliishi miaka mingi wakiitana pacha, na kila mmoja alijifia kwa siku yake.

Nenda, mwanangu, ukaiondoe ile alama nyekundu. Mungu akupe mikono myepesi na subira ya kumngoja mzee akumbuke. Na kila utakayemwandika, asikie akisomewa, aseme: huyo ni mimi.