Mkono wa Fabiola

Fabiola Sulle alishona magunia katika shamba la ngano la serikali huko Basotu. Alikuwa mwanamke wa kijiji cha Mogitu, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mbali. Akishika shazia, ile sindano kubwa ya magunia, hakuna mwenzake aliyemfikia.

Msimu mmoja mkono wa kushoto ukaanza kuchoka. Akishona kidogo tu, msuli uliuma kama unakamuliwa. Akipumzika, maumivu yaliisha. Mumewe Yoakimu, dereva wa trekta, alidhani ni kazi. Letisia, mama yake Yoakimu, alimkanda kwa samli. Kisha vidole vikawa baridi hata juani, na siku moja kizunguzungu kikamwangusha juu ya magunia.

Hospitalini daktari alimpima presha mkono wa kulia. Alipohamia wa kushoto alisikiliza, akajaza upepo upya, akasikiliza tena. Akatafuta mpigo kwenye kifundo, kwenye kiwiko, hadi kwapani.

“Mama, huku damu inafika kidogo sana. Nadhani mshipa unaoileta umekuwa mwembamba.”

“Ufungueni basi,” Yoakimu alisema.

“Hapa hatuwezi. Nendeni Moshi.”

Moshi walimchoma dawa ya kuonyesha mishipa, wakampiga picha. Daktari bingwa aliinua picha kwenye mwanga. Mshipa ulitoka kifuani ukiwa mnene, ukapita chini ya mtulinga ukiwa kama uzi.

“Kuta zake zimevimba,” alisema. “Na wa kulia nao umeanza.”

“Hauwezi kukatwa, ukaungwa mwingine?” Fabiola aliuliza.

“Ukiwa na uvimbe huu, tukiunga utaziba tena. Na vifaa vya kazi hiyo hatuna.”

Akampa aspirini na vidonge vya kupunguza uvimbe. Vidonge vilimvimbisha uso, na vilipoadimika madukani Yoakimu alivitafuta Katesh hadi Arusha, akarudi mikono mitupu. Shambani, shazia akapewa mtu mwingine. Nyumbani, Letisia ndiye aliyemsuka nywele, kwa sababu Fabiola hakuweza tena kuinua mikono hadi kichwani.

Baadaye alijifungua mtoto wa kiume, Basili. Siku ya ubatizo alisema atambeba mwenyewe. Kabla padri hajawafikia, mikono ikaanza kufa ganzi.

“Mama, mchukue,” alimnong’oneza Letisia. “Ataniponyoka.”

Letisia akampokea. Padri alimwaga maji, mtoto akalia kwa nguvu, na Fabiola akasimama kando, akishindwa hata kumfuta uso.