Sentensi Aliyoificha Mkalimani wa Munuki

Habari za kifo chake zilinikuta Nesitu, nje ya Juba, nimesimama kando ya malori nikisubiri dereva amalize chai yake turudi mjini. Aliyenipigia alikuwa mwanamke nisiyemjua, sauti imemkauka. "Ustaz amekufa asubuhi," alisema. "Kifua. Namba yako ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa simu yake, nikasema nikuambie." Ustaz ndilo jina ambalo Juba humpa mwalimu au mtu yeyote aliyesoma, na kwa miaka mingi mimi pia nilimwita hivyo huyu niliyemhesabu kuwa rafiki, ingawa neno rafiki naliandika leo kwa kusitasita. Kazi yake ilikuwa ukalimani. Msomaji wangu aliyewahi kuhudhuria semina, mkutano wa kanisa au kikao cha hadhara katika mji huu huenda alimwona: mtu mrefu, mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi, amesimama nyuma kidogo ya mzungumzaji, akiyatoa maneno kwenye Kiingereza na kuyatia kwenye Kiarabu cha Juba, kisha kwenye Kiswahili, bila kupandisha sauti. Kiswahili alikiokota ukimbizini Uganda, akakinyoosha mwenyewe kwa kusoma. Makala zangu nyingi zilipita mikononi mwake kabla hazijawafikia ninyi, naye alizisahihisha kwa penseli, ili nikikasirika niweze kufuta.

Jioni ile nilikwenda msibani nikidhani napajua kwake. Kila tulipopanda bodaboda pamoja kuelekea mtaa wa Munuki, alishuka mbele ya nyumba za ukuta zenye mageti ya chuma, akapunga mkono, akasimama pale mpaka nikaondoka. Basi nilikwenda moja kwa moja hadi getini. Mlinzi alinitazama kwa mshangao. "Ustaz wa shati nyeupe? Huyo hakai hapa. Anapitaga tu, tunasalimiana, halafu anaingia hiyo njia ya nyuma." Nikaifuata njia hiyo, nikavuka mfereji, nikatokea kwenye ua wa vyumba vya mabati vilivyobanana, mlango umetazamana na mlango, na watu wamekaa chini kwenye mikeka wanaomboleza. Chake kilikuwa cha pembeni. Nilichungulia nikaona kitanda, pasi ya mkaa na mashati yametundikwa kwenye kamba. Wazee walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mimi sikumwosha, lakini pale mlangoni uso ulinichoma. Chumba hakikuwa na aibu yoyote. Nusu ya mji huu inalala kwenye vyumba vya namna hiyo. Kilichonichoma ni kwamba mtu niliyemwita rafiki aliona ni salama zaidi kunificha anapolala. Nilijaribu kukumbuka neno lolote nililowahi kumwambia ambalo lingemfanya aamini kwamba ningemheshimu vilevile akiwa mpangaji wa mabati. Sikulikumbuka.

Nilipokaa mkekani ndipo nikakielewa upya kisa alichowahi kunisimulia, kisa ambacho siku ile nilikipokea kama mambo ya kazi tu. Jimbo letu lilikuwa na nafuu ya kodi kwa ajili ya wapangaji wa kipato kidogo. Mwenye nyumba aliyepangisha vyumba vya bei ya chini alipunguziwa kodi anayodaiwa na serikali, kwa sharti kwamba asipandishe pango. Halikuwa jambo kubwa, ila liliwashikilia watu mjini. Bajeti ikaja na pendekezo la kuifuta nafuu hiyo, na kikao kikaitishwa wananchi watoe maoni. Waheshimiwa walitaka kusikia kwa Kiingereza, wapangaji wakasema kwa Kiswahili na Kiarabu cha Juba, na mkalimani akawa yeye. Mwanamke mmoja muuza samaki wakavu alisimama akasema kodi imemshinda. Sasa neno kodi kwetu lina nyuso mbili, kuna ya serikali na kuna ya chumba, kwa hiyo mkalimani akamuuliza anakusudia ipi. "Ndugu mkalimani, hiyo ni kitu moja," mwanamke akajibu. "Serikali ikipandishia mwenye nyumba, mwenye nyumba hatoi kwa mfuko yake. Anakuja kwa mlango yangu. Mimi nakaa chumba moja na watoto na mama yangu mgonjwa. Mkitoa hii nafuu, mimi nitaenda wapi?"

Mkalimani huzungumza kana kwamba yeye ndiye msemaji, hiyo ndiyo desturi ya kazi. Kwa hiyo mbele ya waheshimiwa alisema kwa Kiingereza safi, "Mimi nakaa chumba kimoja. Mkiiondoa nafuu hii, nitakwenda wapi?" Hakuna mheshimiwa aliyejua kwamba alikuwa anasema na habari zake mwenyewe. Mwenyekiti wa kikao aliegemea kiti, akajibu kwa Kiingereza kwamba mji si wa kila mtu, na kwamba anayeshindwa na pango arudi Uganda, kambi si walishaizoea. Wenzake wakacheka. Wapangaji wakageuza nyuso zao kwa mkalimani. "Mzee anasema nini?" aliuliza yule mwanamke. Naye, mtu ambaye hakuwahi kuniruhusu kuandika 'karibu wote' pale nilipopaswa kuandika 'wengi', akawaambia, "Anasema wamewasikia, na jambo lenu watalifikiria."

Watu walipiga makofi kidogo wakaenda nyumbani. Siku chache baadaye bajeti ikapita. Nafuu ikafutwa kwa wapangaji wote isipokuwa wajane na wanaotunza walemavu, na mwezi uliofuata wenye nyumba wakaanza kupita mlango kwa mlango. "Nilitafsiri vibaya kwa makusudi mara moja tu maishani mwangu," aliniambia tukiwa tunakunywa chai, hanitazami usoni. Nikamwambia alifanya vyema, aliwakinga watu na tusi. Alitikisa kichwa. "Niliwakinga na hasira yao. Wangelisikia lile neno, kesho yake wangerudi wamejaa mpaka barabarani. Mimi nikawatuma nyumbani wakasubiri. Lakini niliona aibu, ndugu yangu. Sikuweza kulitia lile neno mdomoni mwangu nikawatupia watu wale." Kisha akanipa wosia ambao sikujua kuwa ni wosia: "Nikishindwa kuwaambia mimi, waambie wewe."

Mwanamke aliyenipigia simu ndiye aliyenisogezea chai pale msibani, na maneno machache yalitosha kunijulisha kuwa ndiye yule muuza samaki wa kikaoni. Alikuwa jirani yake wa mlango wa pili. Nilishangaa, nikamuuliza mbona siku ile alimwita ndugu mkalimani, kana kwamba hawajuani.

"Yeye hakutaka wale wakubwa wajue anakaa na sisi," alisema. "Sisi wote tulijua hivyo. Ukimkuta huko mjini, unamwacha apite na heshima yake."

Nikaona saa ya ule wosia imefika. Nikamwambia polepole kile ambacho mwenyekiti alisema hasa, na kwamba Ustaz alikibadilisha, na kwamba jambo hilo lilimsumbua mpaka mwisho. Aliiweka sawa kanga mabegani. Sikuona mshangao usoni mwake.

"Tulijua," alisema. "Maneno yenyewe hapana, lakini wale walicheka, na uso yake ikakataa. Mtu hawezi kukuambia habari nzuri na uso kama ile. Tukasema, tukimuuliza tena tutamuaibisha. Basi tukapiga makofi."

Tangu jioni hiyo nimekuwa nikigeuzageuza maneno yake. Ustaz aliificha sentensi ili wao wasione haya. Wao wakakubali kudanganywa ili yeye asione haya. Alinificha chumba chake, na majirani wakamsaidia kukificha. Watu wema walilindana na aibu kutoka kila upande, na katikati ya wema huo bajeti ikapita bila kuguswa na mtu. Wakati wote huo aliyepaswa kuona haya alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, anacheka. Sisemi kwamba bajeti ndiyo iliyomuua jirani yao. Kifua kilimsumbua tangu ukimbizini, na sitaki kumtumia marehemu kusema nisilolijua. Ninachojua ni kwamba familia mbili za ua ule zimeshahamia nje ya mji, mbali na soko na mbali na shule, na kwamba mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumwambia Ustaz atafute pengine.

Najua upande wa pili watasema nini, maana nao ni wasomaji wangu. Hazina haina kitu, mishahara inachelewa, barabara zinaliwa na mvua. Ni kweli. Lakini sijaona nyumba iliyojengwa upya kwa kung'oa mlango wa mpangaji wake maskini. Mama akisukumwa nje ya mji hawezi kuuza samaki sokoni, na asiyeuza halipi ushuru wowote. Mwanawe huacha shule. Mama mgonjwa hubaki mbali na zahanati. Gharama ile ile hurudi hazinani kwa njia nyingine, ikiwa imekua. Zaidi ya hapo, wengi wetu tulilelewa na watu walioishi vyumba vya watu, Arua, Gulu, Kampala. Tulirudi tukisema tumerudi nyumbani. Mtu aliyerudi nyumbani haambiwi arudi kambini, na inanitia haya kwamba neno hilo lilitamkwa kwetu, na mmoja wetu, kwa lugha ambayo walengwa hawakuielewa.

Tulimzika Rejaf, kwa watu wa mama yake. Tuliporudi, yule mwanamke alinisimamisha kwenye njia. "Sasa hii bajeti mpya," alisema, "inasema nini kwa sisi?" Nilimjibu bila kupunguza kitu: inataka kuondoa nafuu iliyobaki, ya wajane na ya wanaotunza walemavu. Aliuliza kikao ni lini. Nikamwambia. "Mkalimani ni nani?" akauliza. Nilimwambia kwamba nitakuwapo, na kwamba atasikia kila neno, baya na zuri, kama lilivyotoka. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuwaambia wenzake.

Ninyi mnaosoma safu hii mnakijua Kiingereza cha vikao, na wengi wenu mna mpangaji, au mfanyakazi aliye mpangaji, au dada asiyesema anakaa wapi. Mwambieni bajeti inasema nini, kwa lugha yake, hata kama maneno yenyewe yanatia haya kuyatamka. Umaskini wa mpangaji si aibu ya mpangaji. Aibu ni ya anayemnyang'anya asiye na kitu na kuita jambo hilo mpango wa fedha. Naye hataiona mpaka sisi wengine tuache kuibeba kwa niaba yake.